Mwangati wa Magamba, mwangati wa Raskazone: shajara ya miche

Shajara hii ni ya mwalimu mwenzangu wa kemia, mwenye kitalu, au yeyote atakayetaka kuirudia kwao kazi hii ya kupima kama mwangati uliolelewa mlimani na uliolelewa pwani hutofautiana kwa dawa. Nimeandika kila hatua ilipokwisha. Nilipokosea nimepaacha kama palivyo, kwa sababu makosa ndiyo yaliyonila muda na nauli, na sitaki yamle mwingine.

12 Februari 2023: Vicha viwili sokoni

Soko la Mgandini, Tanga mjini, kwa mzee muuza miti shamba. Mbele yake vicha viwili vya majani ya mwangati, vimefungwa sawasawa kwa kamba ya mgomba. Kimoja cha Shume, milimani Lushoto, shilingi elfu mbili. Kingine kimetoka kwenye bustani ya mtu hapa hapa mjini, elfu moja.

"Shikamoo babu. Si mti mmoja huu?"

"Marahaba. Mti mmoja, mwanangu, lakini haukulelewa pamoja. Wa mjini hauna nguvu."

Nimefundisha kemia miaka kumi na tatu na sikuwa na jibu. Nimerudi nyumbani na vicha vyote viwili.

Tunalolijua ni hili. Mwangati, ambao wengine huuita mtarakwa, ni Juniperus procera. Asili yake inaanzia milima ya Uarabuni na kushuka mpaka Zimbabwe, na katika jenasi yake yote ya Juniperus ndio peke yake uliovuka ikweta na kuota wenyewe upande wa kusini. Wazee wa Lushoto wanaukumbuka kwa mbao: enzi za Wajerumani magogo ya Shume yalishushwa kwa njia ya waya kutoka mlimani hadi Mkumbara, yakapakiwa kwenye treni. Mbao zake laini zenye harufu ndizo za kutengenezea penseli.

Majani na matunda yake yana tanini (vile vitu vikali vinavyokaza ulimi), flavonoidi, na mafuta mepesi yenye alfa-pinini nyingi. Wataalamu wamepata humo pia totaroli na ferujinoli, ambazo huua bakteria kwenye vipimo vya maabara. Majani ya jamii hii yana vilevile deoksipodofilotoksini, ndugu wa karibu wa podofilotoksini ambayo kwayo hutengenezwa etoposidi, dawa ya saratani iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1983. Nawaomba wasomaji wasichemshe majani haya na kunywa kwa kusoma hapa. Kinachoua seli ya saratani huua na seli nzima, na kipimo chake ni kazi ya hospitali.

Mti hauzitengenezi dawa hizi kwa ajili yetu. Tanini humfukuza mla majani, flavonoidi hukinga jani dhidi ya mionzi ya urujuanimno, mafuta huzuia kuvu na wadudu. Basi mti unaopigwa na jua kali la mlimani, kwenye udongo wenye chakula kidogo, una sababu ya kujihami kuliko ulio kivulini na samadi tele. Kwa maneno hayo babu ana haki. Ila vicha vyake viwili havithibitishi kitu: huenda wa Shume ni mti mzee na wa mjini kijana, huenda mmoja dume na mwingine jike, huenda ukoo ni tofauti kabisa. Nikitaka kujua kazi ya mahali, lazima nichukue watoto wa mama mmoja niwalee mbalimbali.

Aprili hadi Juni 2023: Mbegu zilizokataa

Msitu wa Magamba, Lushoto, ni hifadhi, na humo haichumwi hata tunda bila kibali. Shangazi yangu anaishi kijijini nje ya mpaka wake, na uani kwake umesimama mwangati jike mmoja mkubwa. Huyo ndiye mama. Baba hawajulikani, kwa kuwa chavua huja na upepo. Watoto wake ni ndugu wa tumbo moja. Inatosha.

Vitunda vya buluu nilivianika, nikavisugua na mchanga, nikaosha, nikazitia mbegu majini. Zilizoelea nilitupa, maana nyingi za mwangati huwa tupu ndani.

Kosa la kwanza: nilisia mbegu 400 Raskazone, hapa Tanga pwani, ili niwe nazo karibu. Wiki tisa, hakuna hata moja. Nilipofukua nilikuta zimeoza. Nilizizika kina cha kidole kizima na nilikuwa nikimwagilia asubuhi na jioni katika joto la pwani. Nilisia nyingine 300 kwa shangazi, zikafunikwa udongo mwembamba tu, zikamwagiliwa siku moja moja. Mwisho wa Juni ikaota miche 71, kwa zamu, hii leo na ile baada ya wiki tatu. Atakayejaribu asikate tamaa mapema.

Nilijaribu pia vipandikizi 40, kwa sababu kipandikizi ni mti ule ule na si mtoto wake; kingenipa jibu safi zaidi. Mchanga, nailoni juu, utomvu wa shubiri kwenye mkato. Baada ya wiki kumi vitatu ndivyo vilivyokuwa na mizizi. Nimeacha.

Gharama mpaka hapa: viriba (mifuko ya miche), shilingi 6,000. Nauli Tanga–Lushoto–Magamba kwenda na kurudi ni 24,000 kwa safari, na hiyo ndiyo itakayokula fedha ya mradi.

16 Desemba 2023: Kugawana

Miche 64 iliyo hai, urefu wa kidole cha kati. Shangazi alikunja vikaratasi na watoto wake wakachagua kura, ili nisije nikajipelekea iliyonawiri mahali ninapopapenda. Ishirini na nne imebaki Magamba, ambako simu yangu inasoma mita 1,600 na kitu. Ishirini na nne imeshuka Raskazone, mita chache juu ya bahari. Kumi na sita imekwenda Muheza kwa rafiki.

2 Februari 2024: Kaskazi

Ya Muheza imeliwa na mbuzi usiku mmoja. Sirudii huko, nabaki na vituo viwili.

Ya Raskazone imekufa tisa. Kosa ni langu na ni la kalenda: nimeishusha miche ya mlimani Desemba, kaskazi inapoanza kuvuma na joto linapanda. Ingeshuka Juni, wakati wa kusi, ingekuwa na miezi ya kuzoea. Kisha viriba vyeusi. Nilichomeka kipimajoto ndani ya udongo saa nane mchana kikasoma nyuzi 41. Kwa shangazi, saa hiyo hiyo, alinisomea 24 kwenye simu. Nilidhani napima athari ya hewa ya pwani, kumbe nachemsha mizizi ndani ya plastiki.

Hapo hofu ikanifanyisha makosa mengine mawili kwa mkupuo. Nilitandaza neti ya kivuli juu ya miche yote ya Raskazone, na nikaitia samadi ili ipate nguvu. Miche ikachangamka kweli. Wiki mbili baadaye, wakati nawaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha sita, binti mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, ya Tanga ikitoka na dawa kidogo, utasema ni pwani, ni kivuli, au ni samadi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimebadilisha mambo matatu kwa pamoja upande mmoja tu.

Neti: shilingi 30,000.

20 Aprili 2024: Mpango upya

Hivi ndivyo nilivyorekebisha, na atakayeiga aanzie hapa.

Viriba vyote, huku na kule, vimezikwa ardhini mpaka shingoni. Joto la udongo Raskazone limeshuka chini ya nyuzi 32 mchana. Neti nimenunua nyingine ya aina ile ile (25,000) nikaipandisha Magamba. Sasa kila kituo kina nusu juani na nusu kivulini: Magamba kumi na moja kwa kumi na moja baada ya kufa miwili, Raskazone minane juani na saba kivulini. Kwa mpango huo naweza kutenganisha mwanga na mahali.

Samadi imekoma. Nilikuwa pia nimejazia viriba vya Raskazone mchanga wa pwani wenye chembe za matumbawe, ambao ni chokaa tupu, nimeumwaga. Magunia manne ya udongo mwekundu wa Magamba yameshuka kwa fuso, 20,000, na miche yote ya Raskazone imehamishiwa humo. Nilihakikisha udongo umetoka chini ya mwangati mama, kwa sababu mizizi ya mti huu huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni wanaoisaidia kunyonya fosforasi. Mche ulionyimwa kuvu hao hudumaa, nami ningedhani ni joto.

Samadi nilijua tangu darasani kwamba ina madhara hapa, ila nilikuwa sijaiona kwa macho. Mmea ukipata naitrojeni nyingi, kaboni yake inakwenda kwenye kukua: majani mapya, shina refu. Ukiikosa, kukua kunasimama kabla usanisinuru haujasimama, na kaboni iliyobaki inageuzwa fenoli, yaani tanini na jamaa zake. Ndiyo maana mti ulioshiba si lazima uwe na dawa nyingi. Nitasubiri miezi mitano kabla ya kupima chochote, samadi ile iishe.

14 Julai 2024: Mafuta

Miche ni midogo mno kwa kukamuliwa mafuta, hivyo nilijaribu kwa majani yaliyopogolewa kwenye mti wa shangazi, nipate mkono.

Mara ya kwanza: majani niliyoyaanika juani siku tatu, sufuria ya presha, mpira wa maji kama bomba. Mpira ulilainika, maji yakatoka yananuka mpira, mafuta hayakuonekana. Mara ya pili nilibadilisha mambo mawili. Bomba la shaba, 38,000, likapindwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Na majani mabichi, kilo mbili, yaliyokatwa asubuhi ile ile. Saa tatu za moto mdogo zikanipa mafuta kama kijiko kimoja cha chai, yakielea juu, rangi ya chai ya limau. Nyumba nzima ilinukia penseli mpya.

Juani ndiko mafuta ya jaribio la kwanza yalikokwenda. Terpeni nyepesi, ambazo ndizo mafuta yenyewe, hazingoji. Mzee wa Mgandini alipoyaona yale majani yangu makavu alinusa akanirudishia, akasema ya Shume yeye huyakausha darini, gizani. Hilo pekee linaweza kuwa nusu ya tofauti ya vicha vyake: jinsi vilivyokaushwa na siku vilivyokaa, kabla hatujafika kwenye mlima.

Nimeamua kipimo cha miche kiwe tanini, ambazo haziruki kwa joto la kivulini.

22 Septemba 2024: Mfuko wa nailoni

Mavuno ya kwanza yameharibika. Raskazone nilichuma vichipukizi saa kumi jioni. Magamba saa mbili asubuhi. Ya Magamba nikayatia mfuko wa nailoni, nikapanda basi. Gari liliharibika Mombo. Saa saba baadaye, majani yametoa jasho, yamekuwa meusi pembeni. Jani likipondeka likakaa na unyevu, vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kula fenoli. Nimetupa yote.

Utaratibu mpya: vituo vyote saa tatu asubuhi, siku ya pili baada ya kumwagilia. Ya Raskazone yasuuzwe haraka kwa maji safi, maana upepo wa bahari huyaachia chumvi, na chumvi ina uzito. Yote yakaushwe pale pale, kivulini, ndani ya bahasha za kaki, mpaka uzito usibadilike kwa siku mbili. Mzani naazima kwa sonara wa Barabara ya Tatu, unaosoma sehemu ya mia ya gramu. Yeye hataki malipo, anataka nimwambie matokeo.

Hakikisha pia unalinganisha jani kwa jani lake. Mwangati mchanga una majani ya sindano, mkubwa ana ya magamba yaliyolalia kijiti. Usilinganishe mche na mti wa uani.

10 Novemba 2024: Bureti

Kwa tanini natumia pamanganeti ya potasiamu, njia ya zamani ya Löwenthal, kwa sababu kila maabara ya sekondari ina vifaa vyake. Majani yaliyosagwa gramu 2.5, yachemshwe kwa maji nusu saa, yachujwe, yafikishwe mililita 250. Chukua mililita 10, ongeza maji mililita 750 na asidi ya salfuriki hafifu, kisha dondosha pamanganeti (gramu 1.3 kwa lita) huku ukitikisa. Asidi iwe ya salfuriki. Ya haidrokloriki italiwa na pamanganeti na kukupa usomaji wa uongo.

Wanafunzi wamezoea taitresheni (kudondosha kemikali mpaka rangi ibadilike) ambamo pamanganeti yenyewe ni kiashiria, nasi tukaanza hivyo. Haikufaa. Majibu ya kazi moja yalitofautiana kwa mililita mbili nzima, kwa sababu tanini hazimaliziki kwa ghafla. Waridi inatokea, inafifia, inatokea. Kila mwanafunzi alikuwa na mwisho wake.

Dawa yake ni indigo kamini, rangi ya buluu. Ukiweka mililita 25 zake, yenyewe nayo inaungua polepole pamoja na tanini, na ikiisha rangi inatoka buluu, inapita kijani, inatua kwenye njano ya dhahabu. Mwisho unaonekana na kila jicho. Nimeagiza Dar es Salaam, 52,000. Pima kwanza indigo peke yake, utoe. Halafu chukua sehemu nyingine ya mchuzi ule, uondoe tanini kwa jelatini na chumvi, uchuje, upime tena. Tofauti ya usomaji wa mchuzi wenye tanini na huu ndiyo tanini. Bila hatua ya jelatini utahesabu na vitu vingine visivyo tanini.

Pamanganeti nimetumia ya shule kwa ruhusa, nikairudisha kwa 15,000.

26 Januari 2025: Mavuno

Miche mitatu mizima kutoka kila kundi, saa tatu asubuhi, huku na kule. Jambo moja ninalolijutia: niliyachanganya majani ya miche mitatu ya kundi kabla ya kusaga, nipate uzito wa kutosha. Kuchanganya kumefuta tofauti kati ya mche na mche, kwa hiyo siwezi kuonyesha kundi moja linatawanyika kiasi gani. Atakayerudia apunguze kila kipimo kiwe gramu 1 na maji mililita 100, apime kila mche peke yake.

16 Februari 2025: Matokeo

Mililita za pamanganeti zilizokwenda kwa tanini, wastani wa vipimo viwili kwa kila kundi:

Magamba juani 4.1. Magamba kivulini 2.9. Raskazone juani 3.4. Raskazone kivulini 2.2.

Vipimo viwili vya kundi moja havikuachana zaidi ya 0.2.

Nilitegemea mlima ushinde, na umeshinda. Sikutegemea kivuli kiwe na nguvu hivi. Mche wa Raskazone ulio juani umeupita wa Magamba ulio chini ya neti. Kumbe katika miche yangu mwanga umefanya kazi kubwa kuliko kimo, na kama ningeacha neti ile upande wa pwani tu, ningelinganisha 4.1 na 2.2 na kutangaza kwamba pwani inapunguza tanini karibu nusu. Lile swali la binti wa kidato cha sita ndilo lililouokoa mradi huu.

Kisha uzito. Mche mmoja wa Magamba juani, sehemu ya juu ikiwa kavu, wastani gramu 9.6. Wa Raskazone juani, 4.1. Kwa gramu moja ya jani tofauti yao si kubwa sana, lakini ukihesabu tanini ya mche mzima, wa Magamba unabeba karibu mara tatu. Hili linamhusu anayetaka kupanda ili auze: ahesabu mche mzima, si ukali wa jani peke yake. Mwangati wa pwani unaishi kwa jasho. Jani lake halina ukali wa kumfidia mkulima alichokosa kwenye ukubwa wa mche.

Jumla ya gharama: viriba 6,000, neti mbili 55,000, udongo 20,000, bomba 38,000, indigo 52,000, pamanganeti 15,000, safari tisa 216,000. Shilingi 402,000. Asiye na shangazi mlimani ahesabu na malazi.

1 Machi 2025: Mgandini tena

Nilimpelekea mzee karatasi ya namba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ile ya kivulini kwa shangazi ilikuwa na rangi ya kijani iliyokolea na majani marefu. Ndivyo ilivyokuwa. "Hiyo hata mimi siinunui," akasema. "Wachumaji wa Shume nawaambia walete ya ukingoni mwa msitu, palipo wazi. Wakiniletea ya ndani nawajua." Wakati namuuliza bei mwanzoni, hilo hakunieleza, wala mimi sikumuuliza wa Shume anachumwa sehemu gani ya Shume.

22 Machi 2025: Kubadilishana

Swali lililobaki ni kama jani linakumbuka lilikokulia. Miche minne ya Raskazone iliyo juani imepanda Magamba leo, na minne ya Magamba ya juani imeshuka Raskazone, safari hii masika yakiwa mlangoni na joto linapungua. Iliyopanda ina uzi mwekundu shinani, iliyoshuka uzi wa buluu. Majani yaliyokuwepo siku ya kuhama nimeyatia alama ya rangi ya kucha, ili Septemba nipime ya zamani na yaliyochipukia ugenini mbalimbali, kila mche peke yake. Kila kiriba kimezikwa mpaka shingoni, na neti zimekunjwa darini kwa shangazi.